Futi Elfu Nne za Ianthe Boyce

Barua ya serikali ilimfikia Ianthe Boyce siku ya Jumanne, na kwa kuwa hapa Yarde Gap barua yenye muhuri haiaminiki mpaka niisome mimi, saa moja baadaye ilikuwa mezani pangu. Nilivaa miwani, nikaisoma mara mbili kimya na mara ya tatu kwa sauti. Serikali ilikuwa inakitwaa kiwanja chake, futi za mraba elfu nne, ichimbe kisima cha kumeza maji ya mafuriko. Visima hivyo tunavijua sisi wa wilaya ya Saint George, hapa kisiwani: shimo refu ndani ya mwamba, mvua ikizidi maji yanaingia humo na kupotelea ardhini. Kiwanja cha Ianthe kilikuwa chini kuliko vyote kijijini kwetu, kwa hiyo kuchaguliwa kwake hakukumshangaza mtu. Kilichotushangaza ni bei.

Dola elfu moja na mia nane, pamoja na gharama ya kuihamisha nyumba.

Ianthe alikuwa amesimama mlangoni, hataki kukaa. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na miwili, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyefua na kupiga pasi nguo za watu tangu usichana wake. Aliniuliza kama kwa pesa hizo angepata kiwanja kingine hapahapa kijijini. Nilimwambia ukweli, kwamba asingepata hata cha kusimamisha banda la kuku. Mwaka uliotangulia, viwanja viwili vya kando ya barabara kuu viliuzwa kwa dola tano kila futi. Kwa bei hiyo, futi elfu nne ni dola elfu ishirini.

"Basi nyumba yangu wataihamishia wapi?" akauliza. "Hewani?"

Lilikuwa swali la haki. Nyumba zetu za mbao hazichimbiwi msingi, zinakaa juu ya mawe yaliyopangwa bila saruji. Wazee wetu walikuwa wapangaji kwenye ardhi ya mashamba ya miwa, na mwenye shamba akikufukuza, ulifungua nyumba yako ubao kwa ubao, ukaipakia, ukaenda nayo. Lakini hata nyumba yenye miguu inahitaji mahali pa kutua. Ianthe alikuwa na nyumba hiyo, kiwanja hicho, na shangazi wa miaka tisini aliyelala chumba cha nyuma. Asipopata bei ya kweli, angekuwa mpangaji tena katika uzee wake.

Nilimwambia aniachie barua. Nilipenda kazi ile, sitaficha. Nina kitabu cha sheria ya ardhi nilichokinunua London katika duka la vitabu vikuukuu, na humo nilikuta kwamba bei ya haki ni ile ambayo muuzaji aliye radhi angepewa na mnunuzi aliye radhi, pasipo mmoja kumlazimisha mwenzake. Nilikisoma kifungu hicho mpaka nikakikariri. Halafu nikakaa kitandani nikijiuliza: watu wawili wa namna hiyo umewahi kuwaona wapi, Darnley Yearwood?

Nilianza kuwahesabu. Nusu ya viwanja vya Yarde Gap vilinunuliwa kwa senti kumi kwa futi, kwa sababu sheria iliwaamuru wenye mashamba wawauzie wapangaji wao kwa bei hiyo. Siku sheria hiyo ilipopita, tulipiga kengele ya kanisa. Lakini mwenye shamba alikuwa radhi? Hata kidogo. Viwanja vingine vilipita toka kwa mama kwenda kwa mtoto, au toka kwa mjomba kwenda kwa mpwa anayeondoka kwenda Toronto, na bei zake ziliandikwa ili kumridhisha wakili tu. Ofisi ya ardhi ya serikali ilikuwa imeziokota bei hizo zote kwenye hati na kuziita soko. Niliandika pingamizi la kurasa nne. Ianthe akatia sahihi, tukalituma.

Baada ya wiki tatu alikuja mthamini aliyetumwa kulichunguza pingamizi. Nilitarajia bwana mwenye tumbo. Akaja binti wa miaka thelathini hivi, Marcelle Inniss, amevaa buti za mvua, ana kamba ya kupimia na chupa yake ya chai. Nilimjaribu kwa maswali mawili ya sheria na akanijibu huku akipima, bila kuinua kichwa. Alipima kiwanja kwa urefu na upana na kwa pembe. Alichimba udongo kwa kisu, akaunusa. Alihesabu mishelisheli miwili na mndimu, akauliza ni upi unaozaa na upi umechoka. Alimwuliza Ianthe maji hukaa siku ngapi baada ya mvua kubwa, naye Ianthe, asiyejua kudanganya, akamwambia siku mbili, mara nyingine tatu. Nilimkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshasema.

Nikajaribu kuligeuza neno hilo liwe faida. Nilimwambia Bi Inniss kwamba ikiwa maji yote ya kijiji yanakwenda pale, basi serikali haiwezi kuchimba kisima mahali pengine popote, na kitu ambacho mnunuzi hana budi kukipata hupanda bei. Alicheka, akaketi juu ya jiwe.

"Mzee Yearwood, kiu ya serikali haihesabiwi. Nahesabu kile ambacho mtu mwingine yeyote angelipa kama kisima kisingekuwepo hata kwenye ndoto."

Nilikiri kwamba ni sawa, na kwamba sikuwa nimefika ukurasa huo. Kuhusu senti kumi alikubaliana nami. Alisema bei zile ataziondoa, maana ziliwekwa na sheria na wala si soko. Nilikuwa nimeanza kujipongeza alipotoa karatasi nyingine kwenye mkoba wake.

Ilikuwa nakala ya hati ya Ianthe mwenyewe ya mwaka themanini na sita. Muuzaji, Darnley Yearwood. Mnunuzi, Ianthe Boyce. Bei, dola mia tano.

"Hii si ya shamba," akasema. "Ni watu wazima wawili, si ndugu, hakuna sheria iliyowalazimisha. Ofisi imeiegemea hii kuliko zote. Ulikuwa radhi?"

Nilisema nilikuwa radhi kabisa.

"Basi ofisi haikukosea sana."

Ianthe alikuwa akikusanya ndimu zilizoanguka. Hakugeuka. Nami nikasema haraka kwamba haikuwa biashara, ilikuwa zawadi, ilikuwa upendo wa jirani, na zile mia tano zilikuwa za wakili tu. Bi Inniss aliandika. Akanieleza kwamba zawadi si bei, na hati hiyo inaweza kuondolewa, lakini sababu lazima itoke kwangu, kwa maandishi ya kiapo, nami nifike kwenye kikao cha kusikiliza pingamizi nijibu maswali. Wakili wa serikali angeuliza kwa nini mtu ampe asiye nduguye kiwanja kizima, na asiporidhika, dola mia tano zingeendelea kuhesabiwa kuwa bei.

Usiku huohuo niliandika. Nina mwandiko mzuri. Niliandika kwamba mimi, kwa upendo na hisani, na kwa kuutambua ujirani wake mwema kwa marehemu mama yangu, nilimpa kiwanja hicho bila kutazamia malipo. Asubuhi nilimpelekea. Alikuwa anapiga pasi mashati ya mchungaji. Nilimsomea, naye aliendelea na kola mpaka nilipomaliza, kisha akaisimamisha pasi.

"Usiandike upendo. Mimi sikupendwa, Darnley. Nililipwa kiwanja."

Nikamwambia ni lugha ya kisheria tu. Akasema hajui lugha ya kisheria, lakini anaijua miaka tisa. Akachukua shati lingine.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo kijiji hakikulijua. Mwaka sabini mama yangu, Adina, alipooza upande mmoja. Mimi nilikuwa London, mkata tiketi kwenye treni za chini ya ardhi, mwaka wangu wa kumi na mbili huko. Niliandika barua kwa Ianthe, nikamwomba amtazame mama kwa dola thelathini kwa wiki, nitazituma kila mwezi. Akakubali. Alimwosha, akamlisha, akamgeuza, akafua shuka zake, mpaka mama alipofariki mwaka sabini na tisa. Niliporudi nimestaafu, watu walinipa mkono wakisema: huyu ndiye mwana, alimwekea mama yake mwuguzi miaka yote hiyo. Kisha nikampa Ianthe kimoja kati ya viwanja viwili vya mama, na sifa yangu ikawa maradufu. Kanisani walinipa kiti cha mbele. Vijana waliokuwa wakiomba kazi bandarini walitaja jina langu kama mdhamini.

Nilizituma pesa hizo kwa miezi kumi na minne.

Ianthe hakumwambia mtu. Sijui kwa nini, na sikuwahi kumwuliza, maana aulizaye hana budi kulisikia jibu.

Siku zile kabla ya kikao nilitafuta njia ya tatu kama mtu anayetafuta funguo. Nilimwendea Bi Inniss mjini, nikamwuliza kama isingetosha kusema kwamba Ianthe alimhudumia mama, bila kuingia kwenye malipo. Alisema swali la kwanza litakuwa kama alilipwa mshahara. Kama alilipwa, basi hakudai kitu, nami sikuwa na sababu ya kumpunguzia bei. Kama hakulipwa, basi ile haikuwa zawadi wala biashara, ilikuwa deni, na hapo hati inaanguka yenyewe. Kisha akasema, si kwa ukali, kwamba anayejua jibu hilo si yeye.

Kikao kilikaa Alhamisi saa nne asubuhi, katika darasa la shule yetu ya msingi. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye tai ya kijani, wakili wa serikali alikuwa kijana mwenye haraka. Wanakijiji walijaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Hakuna aliyewaita, lakini tangu tuzaliwe hatujawahi kuona serikali ikiulizwa bei. Lisle Cadogan alifunga duka lake la ramu ili aje, jambo ambalo hakulifanya hata alipozikwa kaka yake. Ndiye anayeniita Profesa.

Niliapa. Wakili akauliza kama Bi Boyce alilipwa kwa kumhudumia mama yangu.

Nilimtazama Ianthe. Alikuwa amevaa kofia yake ya kanisani, anautazama ubao mweusi kana kwamba kuna kitu kimeandikwa. Sikuona kwake ombi wala tishio. Nadhani kama ningesema alilipwa yote, angenyanyuka, akaenda nyumbani akaanza kufungasha vyombo.

"Alilipwa miezi kumi na minne," nikasema.

"Halafu?"

"Halafu niliacha."

Wakili akauliza kama nilikuwa nimepoteza kazi. Nikasema hapana. Kama nilikuwa na familia? Hapana. Mwenyekiti akainua mkono, akaniuliza yeye mwenyewe, kwa upole, pesa ilikwenda wapi.

"Karo," nikasema. "Nilikuwa nasoma shule ya jioni. Uhasibu, na baadaye sheria kidogo. Nilijiambia nitamlipa nikipata cheti. Nikapata cheti, nikaanza kingine."

Vyeti hivyo vinne viko ukutani kwangu, ndani ya vioo, na hakuna mtu mle ndani ambaye hakuwahi kukaa chini yake akisubiri nimwandikie barua. Kutoka nyuma nikamsikia Lisle akisema, bila kupunguza sauti, "Kumbe Profesa tumesomeshewa na Ianthe." Mmoja akacheka, wengine hawakucheka.

Bi Inniss aliomba chaki. Ninalikumbuka hilo kuliko aibu yangu, kwa sababu lilikuwa jambo la kupendeza kulitazama. Aliandika miaka tisa kwa wiki, mia nne sitini na nane. Akatoa wiki sitini nilizolipa. Wiki mia nne na nane, mara dola thelathini: elfu kumi na mbili, mia mbili na arobaini. Akajumlisha zile mia tano, akagawanya kwa futi elfu nne. Ikatoka dola tatu na senti kumi na nane kwa futi. Mwaka themanini na sita ardhi upande huu ilikuwa dola mbili.

Watu walisogea mbele. Mwanamke tuliyemdhania amepewa kiwanja bure alikuwa amekinunua ghali kuliko mtu yeyote wa Saint George.

Mwenyekiti alivutiwa. Akauliza kama basi hiyo dola tatu ichukuliwe kuwa bei ya soko ya mwaka ule, ipandishwe mpaka leo. Nilipiga hesabu haraka: kwa bei hiyo Ianthe angepata zaidi ya elfu thelathini. Bi Inniss alikuwa na nafasi ya kunyamaza, hakunyamaza. Alisema hapana. Mtu anayelipa deni la zamani habishani bei, na anayelipwa baada ya kungoja sana hachagui anachopewa. Hati ile haithibitishi bei ndogo wala kubwa. Iondolewe tu, na kikao kitazame viwanja viwili vilivyouzwa kando ya barabara kuu, kati ya watu wasiojuana, waliobishana wiki nzima. Nilimkasirikia kwa dakika moja hivi. Kisha nikaona kwamba ndio hao, wale watu wawili wa kwenye kitabu changu, niliokuwa nikiwatafuta.

Uamuzi ulikuja mwezi uliofuata. Dola nne na senti themanini kwa futi. Senti ishirini zilikatwa kwa sababu ya yale maji ya siku tatu. Jumla ilikuwa elfu kumi na tisa na mia mbili, na gharama ya kuhamisha nyumba juu yake. Niliisoma barua kwa sauti, safari hii nyumbani kwa Ianthe, maana hakuja kwangu. Aliniomba nirudie tarakimu. Akasema, "Nzuri," akaenda kumwambia shangazi yake.

Watu hawakunitenga. Ilikuwa zaidi kama kupima upya. Kanisani nilikaa safu ya nne bila kuambiwa. Barua mbili zilipelekwa kwa mwalimu mkuu, akazikosea, zikarudi kwangu. Mama mmoja ambaye mwanawe yuko London alikuja kuniuliza, bila salamu, mtu huko analipwa kiasi gani kwa wiki na chumba ni bei gani, akaniandikisha kila kitu kwenye karatasi, akaondoka nayo.

Ianthe alipata kiwanja upande wa kanisani, kidogo kuliko cha zamani. Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Kwa desturi yetu wanaume hufika alfajiri, nyumba hufunguliwa, na ifikapo jioni mwenye nyumba hupika chini ya paa lake mahali papya. Kazi yangu siku zote ni kuziandika mbao namba kabla hazijashuka, ili zijue ndugu zake. Sikuwa na hakika kama kazi hiyo bado ni yangu. Nilifika na chaki na brashi ya rangi, nikasimama. Lisle alikuwa juu ya ngazi.

"Profesa, unangoja barua ya mwaliko? Anza na ukuta wa mashariki. Na uandike kweli, tusije tukauweka mlango kwenye paa."

Nikaanza. Kufikia saa sita nyumba yote ilikuwa juu ya lori, na kufikia saa tisa ukuta wa kwanza ulikuwa umesimama kwenye kiwanja kipya. Ianthe alileta wali wa mbaazi na samaki wa kukaanga, akanipa sahani yangu kama alivyowapa wengine, kisha akakaa kwenye sanduku karibu nami kwa sababu lilikuwa na kivuli.

Kuna swali lililonisumbua tangu siku ya ubao mweusi. Tulikuwa tumejua soko lilitaka nini, ofisi ilitaka nini, na hesabu ilisema nini. Mtu mmoja tu hakuulizwa. Nikamwuliza: mwaka ule wa themanini na sita, kama ningemwachia yeye ataje bei ya miaka yake, angetaja nini?

Alitafuna akiwaza. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka bei ya sukari ya zamani.

"Ningetaka kiwanja kile kingine."

"Kipi?"

"Unachokikalia. Kikavu, kina upepo. Mama yako aliniambia, Ianthe, wewe uchukue cha juu, Darnley akirudi atapata cha chini. Basi ulipokuja na hati nilingoja uniulize."

Nikasema mama hakuwahi kuniandikia hivyo.

"Mkono ulikuwa umekufa, Darnley. Angeandika na nini?"

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mwenyewe. Akasema nilikuja na karatasi zimeshapigwa chapa na kalamu iko tayari, na mimi nikizungumza humchukua mtu muda mrefu kupata nafasi. Halafu akainuka, kwa sababu wanaume walikuwa wanaweka ukuta wa pili na sakafu ilicheza.

"Hii kona haijakaa," akaita. "Nani yuko karibu?"

Nilikuwa karibu mimi. Niliweka sahani chini, nikapiga magoti kwenye vumbi na suruali yangu ya Jumamosi, nikatafuta jiwe la kuingia pale.